Shajara ya mradi: kompyuta saba, ruta mbili na mtandao mmoja wa nyumbani, Isevya, Tabora

Jumatatu, jioni

Mradi huu una lengo moja: kompyuta zote za nyumba hii zitumie intaneti kwa wakati mmoja, tangu dada anapofungua steshenari asubuhi hadi wanafunzi wa vyumba vya uani wanapomaliza kazi zao usiku, bila mtu kulazimika kuzima ya kwake ili ya mwenzake ipate mtandao. Kwa sasa hilo haliwezekani. Zikiwashwa kompyuta mbili au tatu, kazi inakwenda vizuri. Zikiongezeka, mojawapo hupoteza intaneti ghafla huku alama ya waifai ikiwa imejaa, na maandishi yanayotokea husema kwamba imeunganishwa lakini haina intaneti. Mtu akikatika huenda sebuleni kuizima ruta na kuiwasha upya, naye hupata mtandao, lakini muda si mrefu mwingine huita kutoka uani kwamba sasa ni yeye aliyekatika.

Hali hii imezoeleka, na maelezo yake yamezoeleka pia: watu husema mtandao wa Tabora ni mdogo. Inawezekana kabisa ukawa mdogo, lakini kauli hiyo haifai kutolewa kabla ya kupima. Mtandao wa nyumbani una sehemu mbili, yaani safari ya ndani, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, na safari ya nje, kutoka kwenye ruta hadi kwenye mnara wa simu na kuendelea mbele. Hitilafu ya safari ya ndani haiponi kwa kununua bando kubwa zaidi wala kwa kubadilisha laini, na familia imekwisha kujaribu yote mawili.

Leo sikugusa kifaa chochote, nimechora ramani tu. Chumba cha mbele ndicho steshenari, chenye kompyuta mbili za mezani na printa inayotumia mtandao. Sebuleni ipo ruta kuu, inayopokea intaneti ya 4G kupitia laini ya simu, pamoja na kompyuta mpakato yangu. Chumba cha mpwa kina kompyuta moja. Uani, ng'ambo ya mwembe, vipo vyumba vya kupangisha vyenye kompyuta mpakato tatu za wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini. Kutoka kwenye ruta kuu umevutwa waya wa mtandao unaopita chini ya kenchi za bati hadi kwenye ruta ya zamani, ambayo fundi aliifunga ukutani uani ili waifai iwafikie wapangaji. Hiyo ruta ya pili nimeizungushia duara kwenye ramani. Nimewaomba wote kwamba kuanzia kesho, anayekatika asizime chochote, bali aniite kwanza.

Jumanne

Saa tano asubuhi dada aliniita. Chumba kilikuwa na wateja, mmoja wao akiwa katikati ya kujaza maombi ya mkopo kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kurasa zilikuwa zimegoma.

"Mdogo wangu, watu wanasubiri. Niizime tu hiyo ruta?"

"Hapana dada, nakuomba dakika chache. Tukiizima, ushahidi wote utapotea."

Kwenye kompyuta yake nilifungua dirisha la amri nikapima kwa `ping`, amri inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu, hatua tatu, kutoka karibu kwenda mbali. Hatua ya kwanza ni lango, yaani anwani ya ruta, ambayo hapa ni 192.168.1.1. Hatua ya pili ni 8.8.8.8, seva ya majina, yaani inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba, ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2009. Inafaa kwa kipimo hiki kwa sababu hujibu `ping` na huitwa kwa namba, bila kuhitaji jina kutafsiriwa. Hatua ya tatu ni jina la tovuti yoyote ya kawaida. Hatua ya kwanza ikishindikana, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta. Ya kwanza ikifaulu na ya pili ikashindikana, hitilafu ipo kwenye ruta au nje yake. Mbili za mwanzo zikifaulu na ya tatu ikashindikana, kilichoharibika ni utafsiri wa majina tu.

Kwa dada, lango lilijibu mara moja, ndani ya milisekunde mbili, lakini 8.8.8.8 haikujibu kabisa. Dakika hiyohiyo kompyuta yangu ya sebuleni ilikuwa inapata jibu la 8.8.8.8 bila shida. Kwa hiyo mnara ulikuwa hai, laini ilikuwa hai na bando lilikuwepo. Lango lilikuwa linajibu lakini halipitishi, tena kwa kompyuta moja tu.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichofungua jambo hili, na ningependa kila mwenye ruta zaidi ya moja nyumbani akifahamu. Ndani ya mtandao wa nyumbani data haipelekwi kwa anwani ya IP, yaani namba kama hiyo 192.168.1.1, peke yake. Kompyuta huuliza kwa sauti mtandaoni ni nani mwenye 192.168.1.1, na mwenye anwani hiyo hujibu kwa kutaja namba yake ya kiwandani, ile inayoitwa anwani ya MAC, yenye tarakimu na herufi 12. Jibu hilo kompyuta huliweka katika jedwali, na jedwali husomwa kwa amri ya `arp -a`. Kwenye kompyuta yangu, 192.168.1.1 ilikuwa na namba inayoishia e1-04. Kwenye kompyuta ya dada, 192.168.1.1 hiyohiyo ilikuwa na namba inayoishia 3c-7a.

Nilikwenda kusoma lebo zilizobandikwa chini ya ruta zenyewe. Ya e1-04 ni ruta kuu. Ya 3c-7a ni ile ya uani. (Lebo wakati mwingine hutofautiana na jedwali katika herufi ya mwisho, kwa kuwa ruta moja huwa na namba zaidi ya moja, ya upande wa nyumbani na ya upande wa nje, tofauti ndogo ya namna hiyo isimsumbue mtu.) Ruta zote mbili zilikuwa zinatumia 192.168.1.1, kwa sababu ndiyo anwani ambayo viwanda vingi huweka, na yule aliyeifunga ya pili aliichomeka kama ilivyotoka kwenye boksi. Kompyuta iliyopata jibu la ruta kuu ilikuwa na intaneti, na iliyopata jibu la ruta ya uani ilikuwa inapeleka maombi yake kwenye kifaa kisichokuwa na njia ya kutoka nje. Kwa kuwa jedwali hili huhuishwa kila baada ya muda, mtu aliyekuwa na mtandao angeweza kuupoteza katikati ya kazi bila kugusa kitu.

Hilo linaeleza kukatika, lakini halielezi kwa nini hali ilizidi kompyuta zinapokuwa nyingi. Maelezo yake yako kwenye huduma ya DHCP, ambayo kazi yake ni kumpa kila anayeingia mtandaoni anwani yake ya IP. Ruta zote mbili zilikuwa zinatoa huduma hiyo, kila moja ikiwa na orodha yake na bila kujua kilichomo katika orodha ya mwenzake. Ni sawa na zahanati yenye makarani wawili wanaogawa namba za foleni kutoka kwenye vitabu viwili vinavyoanzia namba ileile: wagonjwa wakiwa wawili hakuna atakayegundua, lakini wakijaa, lazima wawepo wawili wenye namba moja mbele ya daktari. Kweli, kompyuta ya mpwa na ya mpangaji mmoja zote zilikuwa na 192.168.1.102.

Jumanne, usiku

Marekebisho ya ruta ya uani yamefanyika baada ya steshenari kufungwa, kwa utaratibu ufuatao. Kwanza niliuchomoa waya unaotoka ruta kuu, ili niwe na hakika kwamba ninayoifungua kwenye kivinjari ni ruta ya uani na si nyingine. Niliunganisha kompyuta yangu nayo kwa waya mfupi, nikafungua ukurasa wake wa mipangilio, nikaibadilisha anwani kuwa 192.168.1.2. Ilipowaka upya niliingia tena kwa anwani mpya na kuizima huduma ya DHCP. Mpangilio huu wa kazi una sababu: ukianza kuzima DHCP, kisha kompyuta yako ikachomoka, haitapewa anwani tena na utalazimika kuiandikia kwa mkono ndipo uingie. Mwisho nilihakikisha kwamba waya wa kutoka ruta kuu umechomekwa katika mojawapo ya matundu ya kawaida ya kompyuta, wala si lile tundu la pembeni lenye rangi tofauti ambalo ni la kupokea intaneti ya nje. Nenosiri la kiwandani la ukurasa wa mipangilio nalo nimelibadilisha kwenye ruta zote mbili.

Ipo njia nyingine ambayo baadhi ya mafundi wangeichagua, nayo ni kutumia hilo tundu la pembeni na kuiacha ruta ya uani iendeshe mtandao wake wenyewe, tuseme wa 192.168.2.x. Njia hiyo nayo huondoa mgongano, lakini sikuipenda kwa nyumba hii. Wanafunzi huchapa kazi zao kwa printa ya dada wakiwa vyumbani mwao, na mitandao ikiwa miwili printa haitajitokeza yenyewe kwenye orodha zao. Isitoshe, kila ruta huongeza tabaka moja la kubadilisha anwani, na tayari tunalo la kwetu na la kampuni ya simu: anwani ya nje ya ruta yetu huanza na 100.72, iliyomo katika fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, ambalo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowapa wateja wengi anwani moja ya nje. Sikuona haja ya tabaka la tatu.

Jumatano

Asubuhi ilikuwa shwari. Dada alifanya kazi mfululizo, na `arp -a` ilionyesha e1-04 kwenye kila kompyuta niliyoipima.

Alasiri mpangaji mmoja aliporudi kutoka chuoni hakupata mtandao, lakini dalili zake hazikuwa zile za jana. Kompyuta yake ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254. Anwani za namna hiyo hazitolewi na ruta yoyote. Kompyuta hujipa yenyewe pale inapoomba DHCP na kukosa jibu. Kwa hiyo mtu akiona 169.254 asihangaike na intaneti ya nje hata kidogo, kwa kuwa kompyuta yake bado haijaingia hata kwenye mtandao wa nyumbani.

Nilifungua ukurasa wa DHCP wa ruta kuu. Akiba ya anwani ilikuwa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.115, jumla 16, na kila anayepewa hukopeshwa kwa saa 24. Kompyuta zetu ni saba, simu za wanafamilia na wapangaji zinazidi idadi hiyo, na ipo runinga. Kisha kuna wateja. Nenosiri la waifai limebandikwa ukutani steshenari ili mteja aweze kutuma waraka wake kutoka kwenye simu, na ni ukarimu mzuri, lakini mteja aliyeingia asubuhi kutoa nakala ya kitambulisho na kuondoka baada ya dakika kumi bado anashikilia anwani hadi kesho asubuhi. Orodha ilijaa simu zisizofahamika. Kuzitambua kwa anwani ya MAC haiwezekani, maana tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu nyingi hujitambulisha kwa namba ya kubuni badala ya ile ya kiwandani.

Inafaa kueleza kwa nini tatizo hili halikuonekana mapema. Ruta mbili zilipokuwa zinagawa, aliyekosa kwa moja alipata kwa nyingine, ijapokuwa anwani aliyopata ingeweza kuwa ya mwenzake. Kosa la kwanza lilikuwa limelifunika la pili. Mtu angeweza kudhani kwamba marekebisho ya jana yameharibu mambo, akayarudisha yalivyokuwa, na mradi ungeishia hapo.

Akiba sasa inaanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.199, yaani anwani 150, na muda wa kukopeshwa ni saa mbili. Wateja wamefunguliwa mtandao wa wageni wenye jina lake na nenosiri lake, ambao unawapa intaneti lakini hauwaonyeshi kompyuta za nyumbani. Dada alikuwa na wasiwasi kwamba wateja hawataweza tena kuchapa. Wasiwasi ulikwisha tulipojaribu pamoja, kwa kuwa mteja hutuma waraka kwa WhatsApp au barua pepe, na anayechapa ni dada mwenyewe.

Tukiwa hapo hapo tulipata maelezo ya usumbufu wa printa. Ilikuwa imeandikiwa kwa mkono 192.168.1.110, anwani iliyo ndani ya akiba ya ruta. Ruta, isiyo na habari, ilikuwa imeigawa 110 kwa simu ya mtu, na nyaraka zikawa zinakwama kwenye foleni hadi printa izimwe na kuwashwa. Nimeihamishia 192.168.1.20, nje ya akiba. Kompyuta zote mbili za steshenari zilikuwa bado zinaielekea 110 hata baada ya mabadiliko, hivyo nilirekebisha pia anwani ya printa ndani ya mipangilio ya kompyuta hizo. Wengi huisahau hatua hiyo na kudhani printa imeharibika.

Ijumaa

Uani bado hakujatulia. Wapangaji hawakatiki tena, lakini video za mihadhara husimama na kuendelea, na kurasa kubwa hufunguka nusu.

Nilipima kipande kwa kipande. Kutoka kompyuta ya mpangaji hadi 192.168.1.2, ruta iliyo hatua chache kutoka alipo, hakuna pakiti, yaani kipande cha data, iliyopotea. Kutoka kompyuta yangu, iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta kuu, hadi 192.168.1.2 hiyohiyo, pakiti kadhaa zilipotea katika kila mia, na nilipozikuza kwa `ping -l 1400` zilizopotea ziliongezeka. Kilicho katikati ni ule waya wa chini ya bati tu.

Mpwa alileta testa, kifaa cha kupima waya wa mtandao. Taa zake ziliwaka moja hadi nane kwa mpangilio, pande zote mbili, kana kwamba waya ni mzima. Hapa ndipo ilinibidi nishuke na kichwa cha waya hadi kwenye mwanga wa jua na kusoma rangi moja moja kupitia plastiki yake. Zilikuwa zimepangwa hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwa macho ni mpangilio nadhifu, kila rangi imekaa na nyeupe yake, na upande wa pili ulipangwa vilevile, ndiyo maana testa iliridhika. Lakini si mpangilio sahihi.

Ndani ya waya wa mtandao nyuzi nane zimesokotwa katika jozi nne, na kusokotwa huko si mapambo. Ishara hupita katika nyuzi mbili za jozi moja kwa namna ya kukinzana, hivyo kelele inayoingia kutoka nje huziathiri zote mbili sawasawa na kufutika mwishoni. Katika kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, inayotumiwa na ruta hii ya zamani, jozi moja huketi kwenye nafasi ya 1 na 2, na ya pili kwenye nafasi ya 3 na 6, wala si 3 na 4. Kwa mpangilio tulioukuta, nafasi ya 3 ilikuwa nyeupe-kijani na ya 6 ilikuwa bluu, yaani nyuzi kutoka jozi mbili tofauti zilizolazimishwa kubeba ishara moja. Testa ya bei nafuu hupima kama umeme unafika. Haipimi kama nyuzi zinazoshirikiana zimesokotwa pamoja. Kwenye waya wa mita moja hitilafu hii inaweza isionekane kabisa. Kwenye waya wetu, ambao haufiki mita 30 lakini umefungwa sambamba na waya wa umeme wa uani kwa sehemu kubwa ya safari yake, ilitosha kupoteza pakiti.

Nilikata vichwa vyote viwili na kuvifunga upya kwa mpangilio unaojulikana kwa mafundi kama B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msokoto nimeufungua kwa urefu usiozidi milimita 13 kutoka kwenye kichwa, na ganda la nje la waya nimelisukuma hadi ndani ya kichwa ili koleo lilibane ganda lenyewe, wala si nyuzi tupu. Mpwa alifunga kichwa cha upande wa uani kwa mikono yake, nami nikakikagua rangi kwa rangi kabla hakijabanwa. Kisha tuliutenga waya wa mtandao na ule wa umeme, na pale inapolazimu kukutana, unaukatiza badala ya kwenda nao pamoja. Kipimo cha pakiti kubwa kilichofuata hakikupoteza hata moja.

Tangu hapo sauti za kuita kutoka uani zimekoma, na nimefurahi sana, hasa kwa ajili ya hawa wanafunzi ambao walikuwa wanasubiri usiku wa manane ili wapakue somo moja.

Jumamosi

Kazi ya leo ilikuwa fupi. Ruta zote mbili zilikuwa kwenye chaneli ya 6 ya masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo zilikuwa zinasubiriana kuongea. Ruta kuu sasa ipo chaneli ya 1 na ya uani chaneli ya 11. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Upana umewekwa MHz 20. Jina la mtandao na nenosiri ni lilelile kwenye ruta zote mbili, ili mtu akitoka sebuleni kwenda uani kifaa chake kihame chenyewe. Mwembe nimeuacha kama ulivyo. Majani yake yenye maji hupunguza nguvu ya waifai, lakini ruta ya uani ipo upande wa pili wake, na kivuli chake tunakihitaji sote.

Jumapili

Umeme ulikatika jioni na kurudi baada ya muda mfupi. Mara tu uliporudi, kompyuta moja ya steshenari ilitoa onyo la mgongano wa anwani. Ruta yetu, kama ruta nyingi za bei ya kawaida, huitunza orodha ya anwani ilizogawa kwenye kumbukumbu inayofutika ikizimwa. Inapowaka inaanza upya, ilhali kompyuta zenye betri hazikuzimika na bado zinazo anwani za zamani, hivyo anwani ambayo mtu anaitumia inaweza kupewa mwingine.

Nimechukua hatua mbili. Ya kwanza, kompyuta zote saba zimetengewa anwani zao ndani ya ruta kwa kutumia anwani zake za MAC, kuanzia 192.168.1.51 hadi 192.168.1.57, ili kila moja ipewe ileile hata ruta ikiwaka upya mara ngapi. Ya pili ni betri ndogo ya ruta, ya volti 12, ambayo hukaa kati ya adapta na ruta kuu. Hapa nawaomba watu wa nyumbani wawe waangalifu: adapta ya ruta kuu ni ya volti 12 na ampia 1, ya ruta ya uani ni ya volti 9 na ampia 0.6, na vichwa vyake vinalingana kabisa. Ile ya volti 12 nimeifunga utepe mwekundu na ya volti 9 utepe mweupe, na ruta zenyewe vivyo hivyo.

Jumatatu

Leo ndiyo siku ya kipimo kamili. Kompyuta zote saba ziliwashwa pamoja, steshenari ikiwa na wateja na wapangaji wakiwepo. Hakuna iliyokatika. Lango lilijibu kila kompyuta ndani ya milisekunde chache, hata zile za waifai uani.

Mchana, muda wa majibu ya 8.8.8.8 ulipanda ghafla kwa watu wote. Kompyuta moja ya uani ilikuwa inapakua masasisho ya Windows. Kwenye kila kompyuta nimeiwekea Windows alama kwamba muunganisho huu hulipiwa kwa kipimo, nayo huahirisha upakuaji mwingi wa aina hiyo. Mabadiliko hayo peke yake yatalipunguzia bando mzigo mkubwa.

Usiku, kuanzia kama saa mbili, kasi ilishuka tena. Niliwaomba wote wazime, nikabaki na kompyuta moja iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta kuu, na kasi iliendelea kuwa ndogo huku lango likijibu vizuri. Sasa ndipo inapofaa kusema kwamba mtandao wa nje umeelemewa, kwa sababu ya ndani yote yamekwisha kupimwa. Hata upande huo lipo la kufanya: ukurasa wa hali ya ruta ulionyesha nguvu ya ishara ya mnara kuwa -109 dBm ikiwa nyuma ya runinga, na nilipoihamishia dirishani upande wa barabara ilifika -98 dBm. Namba hizi ni hasi, kwa hiyo iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Kasi ya mchana imeongezeka kwa uhamisho huo. Msongamano wa usiku upo palepale, na wapangaji wamekubali kwamba mafaili makubwa yatapakuliwa alfajiri.

Yaliyobaki ni haya. Waya wa chini ya bati ni wa kutumika ndani ya nyumba, na pale unapotokeza juani ganda lake limeanza kukakamaa, kwa hiyo utapitishwa ndani ya bomba la plastiki kabla ya mvua za Novemba. Dada atabadilisha nenosiri la wageni kila Jumatatu. Mpwa amechukua jukumu la kuhifadhi nakala ya mipangilio ya ruta zote mbili kwenye flashi, pamoja na karatasi yenye anwani ya kila kifaa, na fundi yeyote atakayeitwa kuongeza ruta au swichi katika nyumba hii ataonyeshwa karatasi hiyo kabla hajachomeka waya.